Uzi: Namna ya kusoma ukingo wa jiwe, kuanzia yakuti za Songea hadi ganeti za milima ya Upare

#1 Mpasua Miamba (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Katika uzi wa bei za vito wiki iliyopita palizuka ubishi kuhusu yakuti za rangi ya machungwa ambazo wanunuzi wa nje huzirudisha. Kundi moja lilishikilia kwamba rangi ile imepakwa juu kama rangi ya kucha. Kundi la pili likajibu kwamba jiwe gumu kiasi kile halipenyeki, kwa hiyo rangi lazima iwe ya kuzaliwa nayo. Nimeona nifungue uzi wa peke yake, kwa sababu makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni lilelile: yanaamini kwamba kilicho kigumu kimetulia.

Hakijatulia. Ndani ya fuwele kila atomi ina mahali pake, kama mayai katika trei, lakini trei hiyo haikosi vishimo vilivyo wazi, na atomi zenyewe hutetemeka muda wote. Joto likipanda vya kutosha, atomi moja hurukia kishimo cha jirani, nyingine ikashika nafasi iliyoachwa, na baada ya miruko isiyohesabika elementi iliyokuwa nyingi upande mmoja huwa imeenea hadi upande wa pili. Huo ndio usambaaji, ambao wengi wetu shuleni tuliuita difyusheni na kufundishwa kwa mfano wa manukato chumbani au chumvi ndani ya maji. Adolf Fick wa Ujerumani aliandika kanuni zake mwaka 1855 akichunguza vimiminika, na mwaka 1896 Mwingereza William Roberts-Austen akatoa vipimo vilivyoonyesha kwamba dhahabu husafiri ndani ya risasi ambayo haijayeyuka. Ikiwa dhahabu hutembea ndani ya risasi ngumu, hoja ya kwamba jiwe halipenyeki inakuwa na kazi kubwa ya kujitetea.

Kuna tabia mbili za usambaaji ambazo naomba tukubaliane nazo kabla ya kwenda mbele, maana ndizo zitakazotusaidia kusoma mawe. Ya kwanza ni kwamba umbali haukui sambamba na muda, bali hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Tuseme elementi fulani imeingia milimita 1 kwa saa 10. Ili iingie milimita 2 zitahitajika saa 40, na milimita 10 zitahitajika saa 1,000. Ya pili ni kwamba joto lina nguvu kuliko muda. Ukiongeza nyuzi mia chache tu, kasi huweza kupanda mara maelfu, na ukizipunguza, safari inasimama kana kwamba mtu amefunga bomba. Ndiyo maana tanuri linaweza kufanya kwa siku chache kazi ambayo ardhi, kwa joto lake la chini, ingehitaji mamilioni ya miaka kuifanya, au isiifanye kabisa.

Mmenyuko wa kikemia ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huenda pamoja na usambaaji. Katika usambaaji mtupu madini yanabaki kuwa yaleyale: ganeti, madini ya vito ambayo mara nyingi huwa mekundu, hubaki ganeti, ila chuma kimeongezeka na magnesiamu imepungua. Katika mmenyuko madini ya zamani yanavunjika na mapya yanazaliwa mahali pake. Kwa jicho la mtu mwenye hadubini tofauti hiyo inaonekana ukingoni. Usambaaji huacha ukingo unaofifia, usio na mstari, mfano wa doa la chai kwenye kitambaa. Mmenyuko huacha mpaka mkali: huku kuna madini haya, kule kuna mengine.

Hoja yangu katika uzi huu ni hiyo tu. Usiniulize jiwe lina rangi gani. Niambie ukingo wake ukoje, nami nitakuambia limepitia nini.

#2 Dalali wa Tunduru

Mkuu Mpasua Miamba, nashukuru kwa uzi, kwa kuwa mmoja wa waliorudishiwa mawe ni mimi. Nilinunua mawe mawili ya machungwa yaliyokwisha kukatwa, nikaambiwa ni ya Songea na hayajaguswa na moto. Mnunuzi wangu akayarudisha na karatasi fupi iliyosema kwamba yametiwa berili. Nimefanya biashara hii miaka mingi na moto naufahamu, kwa sababu hata tanzanaiti huchomwa na hakuna anayelalamika. Sasa hii berili inaingiaje ndani ya yakuti, na kwa nini ichukiwe kuliko moto wa kawaida?

#3 Mpasua Miamba

Ndugu Dalali, pole kwa hasara. Swali lako ndilo kiini cha ubishi wote.

Yakuti ni oksidi ya alumini. Ikiwa safi kabisa haina rangi. Rangi hutokana na wageni wachache waliokaa katika nafasi za alumini. Kromiamu huleta wekundu na upinki, chuma pamoja na titaniamu huleta samawati. Moto wa kawaida huwapanga upya wageni walewale waliokuwamo tangu jiwe linaumbika, bila kuingiza mgeni mpya. Kwa tanzanaiti moto huo ni wa nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi. Ukahawia unaondoka na ubuluu unabaki. Hakuna kilichotoka nje na kuingia, kwa hiyo hutakuta ukingo wowote wa rangi.

Miaka mingi kabla ya sakata la machungwa watu walijaribu kuingiza titaniamu ndani ya yakuti zilizopauka ili ziwe za samawati. Ilifanikiwa, lakini titaniamu husafiri kwa shida sana ndani ya yakuti, na hata kwenye joto linalokaribia kuyeyusha jiwe rangi iliishia kwenye ngozi ya chini ya nusu milimita. Fundi akilisugua jiwe upya, rangi inaondoka na vumbi. Nadhani hapo ndipo ilipozaliwa habari ya "rangi ya kupaka", na kwa enzi hiyo haikuwa mbali sana na ukweli.

Berili, elementi ya metali nyepesi, ilibadilisha hesabu. Ayoni yake ni ndogo mno, na ndani ya yakuti hukimbia kwa kasi kubwa kuliko titaniamu. Mwishoni mwa mwaka 2001 na mwanzoni mwa 2002 soko la dunia lilijaa ghafla yakuti za machungwa na za machungwa yenye upinki, nyingi zikiwa zimechimbwa Songea na Madagaska na kuchomwa Chanthaburi nchini Thailand. Maabara zilihangaika miezi kadhaa kabla ya kubaini kwamba mawe yalichomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,800 pamoja na krisoberili, madini yenye berili ndani yake. Berili ilitoka kwenye krisoberili, ikaingia kwenye yakuti, na kiasi cha sehemu chache tu au makumi machache kwa kila milioni kikatosha kuleta unjano mkali. Unjano ukikutana na upinki wa kromiamu uliokuwamo tayari, jicho linaona machungwa.

Kwa nini inachukiwa? Kwa sababu yakuti ya asili yenye rangi ya kati ya upinki na machungwa ni adimu na bei yake ni kubwa, na mawe ya Songea yaliyokuwa yakiuzwa kwa bei ya chini yaligeuzwa kuwa mfano wake. Binafsi sioni ubaya wa kuuza jiwe lililotiwa berili ikiwa mnunuzi ameambiwa hivyo. Ubaya uko katika ile kauli uliyopewa, ya kwamba halijaguswa na moto.

Sasa namna ya kuangalia. Maabara hulizamisha jiwe ndani ya kimiminika kizito kinachopinda mwanga karibu sawa na yakuti, ili mng'ao wa nyuso usisumbue macho. Kimiminika hicho kina sumu, kwa hiyo usikitafute. Maji safi au glisirini katika bakuli jeupe, pamoja na taa inayomulika kutoka chini kupitia karatasi nyeupe, vinaweza kukuonyesha kiasi fulani. Ligeuze jiwe kwa kibano na uangalie rangi imekaaje. Rangi ya asili katika yakuti hufuata umbo la fuwele lilivyokuwa likikua ardhini: utaona mikanda iliyonyooka inayokutana kwa pembe za nyuzi 120, hata kama fundi amelikata jiwe duara. Rangi iliyoingizwa tanurini haikujua fuwele ilikuaje. Ilianza popote uso wa jiwe ulipokuwa siku ile, kwa hiyo hufuata umbo la nje la jiwe lililokatwa, ikawa ganda la machungwa linalozunguka kiini cha pinki.

Ukiona ganda hilo, kesi imekwisha. Usipoliona, kesi haijaisha, kwa maana jiwe dogo lililokaa tanurini muda wa kutosha huwa limejaa berili hadi katikati, na hapo hakuna ukingo wa kusoma.

#4 Mwanafunzi wa Ardhi

Mwalimu, nasoma jiolojia mwaka wa pili na nimefurahi kuona mada hii katika lugha yetu. Jambo moja linanitatiza. Tumefundishwa kwamba ganeti nyingi huwa na kiini chenye manganizi nyingi na ukingo wenye manganizi kidogo, na kwamba tofauti hiyo ni kumbukumbu ya jinsi ganeti ilivyokua. Lakini ganeti zimekaa ardhini mamia ya mamilioni ya miaka. Ikiwa yakuti inajaa berili kwa siku chache, kwa nini usambaaji haujafuta kumbukumbu hiyo?

#5 Mpasua Miamba

Ndugu Mwanafunzi, umegusa mahali ninapopapenda zaidi, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Jibu liko katika tabia ya pili niliyoitaja kule juu. Ganeti iliyokua kwenye nyuzi 500 au 550 haikupata kamwe joto la kuzitembeza elementi zake kwa umbali wa maana. Manganizi huingia mapema katika kiini kwa sababu ganeti huipenda sana. Mwamba ukiishiwa manganizi, matabaka ya nje yanakua bila ya kuwa nayo. Kumbukumbu hiyo hubaki hata miaka bilioni, kwa kuwa muda bila joto haufanyi kazi. Mwamba uleule ukishuka zaidi ardhini na kupita nyuzi 700 au 800, elementi huamka, na ndani ya mamilioni machache ya miaka kiini na ukingo vinakuwa sawa. Kwa hiyo ganeti isiyo na mabadiliko ndani yake si ganeti isiyo na historia. Historia yake imefutwa na joto.

Huku kwetu mfano uko wazi. Milima ya Upare, Usambara na Uluguru ina miamba iliyopikwa chini ya ardhi kwa zaidi ya nyuzi 800, takriban miaka milioni 640 iliyopita, wakati mabara yaliyounda Gondwana, bara kuu la kale, yalipokuwa yakikusanyika. Ukiipima ganeti kubwa kutoka huko kwa mashine ya miale ya elektroni, ukienda hatua kwa hatua kutoka upande mmoja hadi wa pili, mara nyingi utakuta mstari uliolala katikati yote, kisha karibu na ukingo chuma kinapanda na magnesiamu inashuka. Hapo ndipo ganeti ilipogusana na ulanga mweusi. Miamba ilipokuwa ikipoa, madini hayo mawili yalibadilishana: ganeti ilichukua chuma, ulanga ukachukua magnesiamu. Mabadilishano yaliendelea hadi joto liliposhuka mno kwa atomi kuendelea kuruka, yakasimama. Mwingereza Martin Dodson aliipa hali hiyo hesabu yake mwaka 1973, na naweza kuiita kwa Kiswahili joto la kufunga mlango. Mlango haufungwi kwa ganeti zote kwa wakati mmoja, kwa sababu unategemea ukubwa wa punje na kasi ya kupoa. Ganeti yenye upana mara 5 ya mwenzake inahitaji muda mara 25 ili ifutike, ndiyo maana katika kipande kimoja cha mwamba ganeti ndogo inaweza kuwa imesahau kila kitu ilhali kubwa bado inakumbuka.

Ukingo huo ni saa. Ukijua kasi ya usambaaji kwa kila joto, na ukapima upana wa sehemu inayofifia, unakadiria mwamba ulipoa haraka kiasi gani. Kwa miamba ya Tanzania mashariki, vipimo vya umri wa madini mbalimbali vimeonyesha kwamba ilipoa polepole mno, nyuzi chache tu kwa kila miaka milioni.

Katika miamba hiyohiyo usambaaji na mmenyuko vinaonekana kwenye inchi moja ya mwamba. Peter Appel, Andreas Möller na Volker Schenk walichapisha mwaka 1998 maelezo ya miamba hii ambamo ganeti imeota kama ukoko mwembamba katikati ya piroksini na plajioklesi, madini mawili ya kawaida katika miamba. Madini hayo mawili yaliishi kwa amani kwenye joto kali. Mwamba ulipopoa ukiwa bado uko kina kirefu, hayakuweza tena kukaa pamoja, yakamenyuka na ganeti ikazaliwa mpakani. Mipaka ya ukoko ni mikali, kama inavyotarajiwa kwa mmenyuko. Lakini angalia kinachofuata: ukoko ukishatokea unayatenganisha yale madini mawili, na ili uendelee kunenepa ni lazima kalsiamu na alumini kutoka upande wa plajioklesi, na chuma na magnesiamu kutoka upande wa piroksini, zipenye ndani ya ukoko wenyewe. Ukoko unakuwa kizuizi cha ukuaji wake. Kadiri unavyonenepa ndivyo unavyochelewa, na joto likishuka unasimama kabla madini ya mwanzo hayajaisha. Ndiyo sababu tunayaona yote matatu leo, moja ndani ya jingine, wakati kwa hesabu ya kikemia mawili hayakupaswa kuwapo pamoja.

Jambo la ziada ni kwamba ukoko huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wao wa kudai kwamba miamba ilipoa kwanza chini kwa chini kabla ya kuinuliwa, kinyume na hadithi iliyozoeleka ya bara kugongana na bara kisha milima kupanda haraka. Ukoko ambao huuoni bila ya hadubini ukaleta mjadala kuhusu bara zima.

#6 Mkazi wa Engare Sero

Mimi si msomi wa miamba, ila naishi chini ya Ol Doinyo Lengai. Wageni wengi hufikiri weupe wa kule juu ni theluji. Sisi tunajua ni lava, na wazee waliopanda mlima wanasema inatoka nyeusi kama lami kisha inakuwa nyeupe. Je, huo nao ni usambaaji? Kwa maelezo yako joto likiondoka kila kitu kinasimama, lakini lava yetu hubadilika ikiwa imekwisha kupoa.

#7 Mpasua Miamba

Mkuu, umenikamata mahali pazuri, kwani nilikuwa nimesahau kumtaja mhusika mkubwa kuliko wote, yaani maji.

Lava ya Lengai haina mfano kati ya volkano zote zinazolipuka leo duniani. Badala ya silika imejaa kaboneti za sodiamu na kalsiamu, na hutoka ikiwa na joto la kati ya nyuzi 500 na 600, karibu nusu ya joto la lava za kawaida. Madini yake makuu mawili ni nyereriti, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, na gregoriti, iliyopewa jina la J. W. Gregory aliyelichunguza Bonde la Ufa. Yote mawili hayavumilii unyevu.

Nilipanda mlima huo kabla ya mlipuko mkubwa wa 2007, nikarudi na kipande cheusi chenye ukubwa wa kiberiti. Nusu niliifungia ndani ya chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, nusu nikaiacha kwenye dirisha la jikoni Dar es Salaam. Siku ya pili kile cha dirishani kilikuwa na unga mweupe kwenye nyufa. Siku ya nne kilikuwa kijivu chote, tena kimelowa kwa kugusa, ingawa mvua haikuwa imenyesha. Nilipokivunja kwa nyundo ndogo nilikuta kiini cheusi, ganda jeupe, na kati yao mpaka ambao ungeweza kuuchora kwa penseli iliyochongwa. Hakukuwa na kufifia. Kile cha chupani kilikaa cheusi kwa miezi, hadi mtu mmoja nyumbani alipofungua chupa kwa udadisi.

Mpaka mkali ule unasema mmenyuko. Nyereriti ilipokea maji na kuwa pirsoniti, madini yenye maji ndani ya muundo wake. Gregoriti iliyeyuka na sodiamu yake ikatoka nje kuwa ule unga. Maji yakiendelea kupita kwa miaka, sodiamu yote huoshwa na kinachobaki ni kalsiti, madini ya chokaa, ambayo haitaki tena kubadilika. Katika vidole vyetu ni jiwe moja, lakini kikemia ni jingine kabisa.

Kwa hiyo kwenye joto la chini atomi haziwezi kutembea ndani ya fuwele ngumu, ni kweli, lakini si lazima zitembee humo. Maji hupita kwenye nyufa na vitundu, huyeyusha madini ya zamani katika tabaka jembamba sana na kuweka mapya palepale, kisha husogea mbele. Mara nyingi umbo la nje la fuwele ya zamani hubaki vilevile, ndani kumekaa mpangaji mwingine. Njia hii ina kasi isiyo na kifani na usambaaji mkavu, na nathubutu kusema kwamba mabadiliko mengi ya madini karibu na uso wa dunia hufanyika hivyo.

Wajuzi wa volkano za kale za Afrika Mashariki wamebishana sana juu ya jambo hili. Kerimasi, jirani wa Lengai, na Tinderet ya Kenya zina mawe ya kalsiti ambayo baadhi ya watafiti waliyaona yana umbo la nyereriti, wakadai kwamba zamani nazo zilimwaga lava ya sodiamu kisha mvua ikaiosha. Kama ni hivyo, Lengai si ya pekee kwa asili yake. Ni ya pekee kwa sababu tumeikuta kabla mvua haijamaliza kazi.

#8 Fundi Mkataji, Arusha

Naomba kuongezea kwa ndugu Dalali. Usiamini ganda peke yake ikiwa jiwe limekatwa upya baada ya kutoka tanurini, kwa sababu fundi huweza kuondoa upande mmoja wa ganda na kuacha upande wa pili, nawe ukadhani ni mkanda wa asili. Angalia pia uchafu wa ndani: punje ndogo zilizoyeyuka na kuzungukwa na mpasuko unaong'aa kama sarafu ni dalili ya joto kali sana.

#9 Mpasua Miamba

Fundi amesema kweli. Niongeze kwamba hata maabara zenye kipimo cha leza, kinachochoma kishimo kidogo kuliko unene wa unywele na kupima elementi za mvuke wake, hazisemi "ina berili" na kuishia hapo. Baadaye iligundulika kwamba zipo yakuti chache zenye berili ya asili, lakini humo hukaa kwa mabaka, ikiambatana na elementi nyingine nzito kama niobiamu na tantaliamu. Ya tanurini huja peke yake na huenea kwa utaratibu kutoka nje kwenda ndani.

#10 Dalali wa Tunduru

Wakuu, nimerudi. Jana usiku nimeweka mawe yangu kwenye bakuli la glisirini, taa ya simu chini, karatasi katikati. Kubwa, la karati 3 na kitu, lina ganda la machungwa pande zote na katikati kuna pinki iliyopauka, na ganda limefuata umbo la yai kama lilivyokatwa. Dogo ni la machungwa kote, silioni ganda wala mkanda.

#11 Mpasua Miamba

Kubwa liuze kama lililotiwa berili, uliandike hivyo kwenye risiti. Kuhusu dogo, kimya cha ukingo wake hakikutetei wala hakikushtaki. Jiwe la ukubwa huo hujaa upesi. Ikiwa bei yake ya asili inazidi gharama ya kipimo cha leza, lipeleke. Ikiwa haizidi, liuze pamoja na kaka yake.

#12 Dalali wa Tunduru

Nimepiga hesabu. Yanauzwa pamoja.